Je, Mgonjwa Ameulizwa?

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wakasema si la afya hata kidogo, nalo ni simu ya mkononi iliyoko mfukoni mwako. Mimi nasema ni la afya hasa. Siku hizi mtu akiugua, habari ya ugonjwa wake hufika kwenye simu za watu kabla yeye mwenyewe hajapewa kitanda.

Sote twaijua hali ilivyo. Mama fulani wa jumuiya amepelekwa hospitali usiku. Asubuhi picha yake iko kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: amelala mdomo wazi, khanga imeteleza begani, dripu mkononi. Chini ya picha yameandikwa maneno ya kuomba sala na mchango. Halafu inafuata picha ya pili, nayo ni karatasi ya majibu ya maabara. Jina lake kamili liko juu, pamoja na umri, namba ya simu na namba ya faili, na hapo chini ugonjwa wenyewe umeandikwa kwa kalamu. Baada ya nusu saa picha hizo zimefika kwenye kundi la kwaya, kundi la ukoo, kundi la waliosoma naye darasa la saba, na kundi la wafanyabiashara wa soko analouzia nyanya. Kila aliyezituma alikuwa na nia njema. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwuliza mgonjwa.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba sisi si Wazungu, kwamba kwetu mgonjwa ni wa wote na hafichwi chumbani, na kwamba tukianza kuombana ruhusa kila mara tutaua umoja wetu. Nusu ya maneno hayo nayakubali. Ni kweli mgonjwa wetu hutembelewa, hupelekewa uji, hufuliwa nguo na hata kulimiwa shamba. Lakini hebu tuutazame utaratibu wenyewe wa kumtembelea. Mgeni hubisha hodi. Hungoja aambiwe karibu. Kama mgonjwa anaoshwa, mgeni huambiwa angoje nje, naye hungoja bila kununa. Akiingia, mgonjwa humwona nani amekuja. Shoga yake wa tangu utotoni atamweleza yote yanayomsibu, na jirani mwenye maneno mengi atamjibu tu, "Naendelea vizuri, namshukuru Mungu." Wazee wetu waliijua faragha, na waliilinda kwa hodi. Picha ya simu haibishi hodi. Inaingiza watu mia mbili chumbani kwa mgonjwa kwa mara moja, naye hajui ni akina nani wala hana namna ya kuwaambia wangoje nje.

Tena hao mia mbili si majirani wote. Kundi moja la WhatsApp laweza kubeba watu hadi 1,024. Hata lile lililoanza na kaya 15 za mtaa mmoja, baada ya miaka michache lina waliohamia mikoani, lina shemeji wa mtu, lina fundi aliyeingizwa wakati wa ujenzi wa kanisa na hakutolewa, na lina simu ambazo kwa kweli hushikwa na watoto. Jambo usilothubutu kulitangaza kwa sauti stendi ya mabasi, kwa nini ulitangaze humo?

Sasa nieleze kwa nini jambo hili ni la afya, maana wapo watakaodhani nazungumzia adabu tu. Wanaofanya kazi katika zahanati na vituo vya afya wanawajua wagonjwa ambao hupita zahanati ya kijijini kwao, hupanda basi na kwenda wilaya ya jirani kuchukua dawa za kufubaza VVU, ili tu wasionekane na mtu wa kwao. Mwezi ambao nauli imekosekana, dawa nazo zinakosekana. Dawa hizo zikikatizwa, virusi huongezeka mwilini, na huweza kuwa sugu hata dawa ile isifae tena. Kwa hiyo kuogopa maneno ya watu kwaweza kumwua mtu ambaye dawa zake ziko umbali wa nusu saa kwa miguu.

Ndivyo ilivyo pia kwa kifua kikuu. Ugonjwa huu hutibika, na tiba yake ya kawaida huchukua miezi 6. Lakini mwenye kikohozi anayeogopa kutajwa hukaa nacho ndani ya nyumba, chumba kimoja na watoto, akinywa dawa za kikohozi za dukani. Mwanamke anayevuja mkojo baada ya uzazi mgumu, yaani mwenye fistula, huweza kujifungia miaka mingi na huku upasuaji wa kumsaidia upo. Mwanamke mwenye dalili za saratani ya shingo ya kizazi hungoja mpaka maumivu yamzidi. Sisemi kwamba simu ndiyo iliyoleta aibu hizi, kwani zilikuwapo kabla yake. Ila simu imezipa miguu. Mtu wa namna hii, aliye kimya katika kundi, anapoona karatasi ya mwenzake imeanikwa pale, hujifunza somo moja tu: ukiugua, usimwambie mtu. Wala hatakuja kutuambia kwamba amejifunza hivyo. Tutashangaa tu siku moja kusikia kwamba amefika hospitali akiwa amechelewa.

Hapa watu hupenda kuleta ile methali ya mficha maradhi, ambaye kilio humfichua. Methali ni ya kweli kabisa. Lakini mwenye kuficha maradhi anayeonywa hapo ni yule anayeyaficha kwa mganga, kwa mwenzi wake wa ndoa, kwa mtu awezaye kumsaidia. Haikusemwa kwamba mwenye maradhi apigiwe mbiu sokoni. Kwa kweli mambo haya mawili hupingana: kadiri tunavyompigia mgonjwa mmoja mbiu, ndivyo wengine kumi wanavyozidi kuficha.

Waganga wa zamani waliliona jambo hili. Kiapo kinachoitwa cha Hippocrates, mganga wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kinamtaka tabibu anyamazie mambo ya wagonjwa anayoyaona au kuyasikia katika kazi yake na ambayo hayafai kusemwa nje. Sababu ni ya kikazi. Mgonjwa asiyemwamini tabibu hatasema yote, na tabibu asiyeambiwa yote atatibu asichokijua.

Sheria za nchi nazo zimesimama upande huo huo. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya mawasiliano yake. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu kinga na udhibiti wa UKIMWI inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri na apewe mwenyewe aliyepimwa, isipokuwa kwa wachache iliowataja, kama vile mzazi wa mtoto mdogo. Baadaye ilikuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, yaani zinazotaka uangalifu zaidi kuliko jina au anwani. Ndugu zetu wa Kenya waliwahi kidogo, wakatunga sheria yao mwaka 2019. Hata hivyo tusizitegemee sana sheria katika jambo letu hili. Zimewalenga hasa wanaokusanya na kutunza habari za watu, kama hospitali, makampuni na ofisi. Shangazi anayesambaza picha ya mpwa wake aliye wodini ni vigumu kumfikisha popote, na sidhani kama kuna familia ingependa kufika huko.

Yafaa tuelewe kidogo jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana watu wengi hudanganyika na maneno mawili matatu waliyoyasikia. Kuna wanaosema WhatsApp ni salama kwa sababu imefungwa. Ni kweli: tangu mwaka 2016 ujumbe wake husafiri ukiwa umefumbwa, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Lakini kufuli hilo ni la njiani tu. Ujumbe ukishafika, uko wazi mikononi mwa kila aliyeupokea. Katika simu nyingi picha hujihifadhi zenyewe pamoja na picha za harusi na za ubatizo. Mtoto anayeazimwa simu acheze mchezo ataikuta. Fundi anayebadilisha kioo ataikuta. Nakala nyingine huenda kwenye akiba ya mtandaoni bila mwenye simu kukumbuka. Kitufe cha kufuta kwa wote kipo, lakini hufanya kazi kwa siku mbili hivi tu tangu ujumbe utumwe, na hakiigusi nakala ambayo mtu ameshaituma kwingine. Na ile picha inayowekwa kwa saa 24 kisha ikatoweka? Aliyeiona anaweza kuipiga picha kwenye kioo cha simu yake, nayo haitatoweka kamwe.

Jambo jingine ambalo mpiga picha wa wodini husahau ni kitanda cha pili. Unampiga picha baba yako, na nyuma yake yuko mzee wa watu asiyekufahamu, amekaa kitandani bila shati, mpira wa mkojo ukining'inia. Huyo naye ameingia kwenye kundi la ukoo wenu! Binafsi naona hospitali zetu zingefanya vema kulikataza jambo hili waziwazi, kwa tangazo mlangoni, kama zinavyokataza kuvuta sigara.

Halafu wako matapeli. Sote tumewahi kupata ule ujumbe wa kutaka ile hela itumwe kwenye namba hii. Wengi tunaucheka kwa sababu mtumaji hatujui hata majina. Sasa mpe mtumaji huyo picha ya karatasi ya hospitali. Anajua mgonjwa ni nani, kalazwa wapi, wodi gani, anaumwa nini, na namba ya mke wake imeandikwa pale kwenye nafasi ya ndugu wa karibu. Simu ikipigwa saa nne usiku, na mtu akajitaja kuwa ni daktari wa zamu, akataja jina na ugonjwa na kusema kuna dawa inatakiwa haraka kabla ya saa sita, ni mke gani atakayeanza kuuliza maswali? Kitambulisho nacho hupigwa picha na kutumwa hivyo hivyo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenyewe. Nao wako wengi waliofanya mwaka wao wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya kutolea fedha kwenye simu. Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta kuunganisha mambo hayo mawili.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni matatizo ya uzembe wetu wa vijijini, na kwamba hospitali kubwa zenye kompyuta za kisasa hazina hatari hiyo. Hapana. Nchini Finland palikuwa na vituo vya kutibu watu wenye matatizo ya nafsi, vilivyoitwa Vastaamo. Mazungumzo ya wagonjwa na washauri wao yaliandikwa na kutunzwa kwenye kompyuta. Yakaibiwa. Mwezi Oktoba 2020 mwizi alianza kuyaweka hadharani mtandaoni kidogo kidogo, kisha akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai kila mtu alipe Euro 200, la sivyo siri zake zitatolewa. Wagonjwa walioguswa walikuwa kama 33,000, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Fikiria mtu aliyemweleza mshauri wake jambo ambalo hakupata kumwambia hata mke wake, halafu anapokea barua ya namna hiyo. Mwaka uliofuata vituo hivyo vilifilisika, na Aprili 2024 mahakama ya wilaya huko ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 6 na miezi 3. Singapore nayo, mwezi Januari 2019, wizara ya afya ilitangaza kwamba habari za watu 14,200 wenye VVU zilikuwa zimevujishwa mtandaoni, pamoja na majina, namba za simu na anwani zao. Hizo ni nchi tajiri zenye wataalamu wengi. Nayataja haya ili tusidhani kwamba kitu kikishaitwa cha kisasa basi kinaficha siri.

Hapa niseme neno na akina mama na mabinti. Zipo programu za simu zinazohesabu siku za hedhi na siku za uwezekano wa kupata mimba, na hata baadhi ya wanandoa wanaofuata njia za asili za kupanga uzazi wameacha chati ya karatasi wakahamia huko. Mojawapo, iitwayo Flo, iliyokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 100 duniani, ililaumiwa na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kwa kuzipa kampuni nyingine, zikiwamo Facebook na Google, habari za watumiaji wake baada ya kuwaahidi kwamba zingekuwa siri. Mwezi Januari 2021 ilikubali kubadili mwenendo wake. Chati ya karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati haijapata kumwambia mfanyabiashara yeyote kwamba mama mwenye nyumba amepitisha siku zake. Mimi ningeibakiza.

Watoto wanahitaji uangalifu kupita wote. Mtoto aliyezaliwa na kasoro, mwenye utapiamlo, mwenye kifafa, au aliyeungua kwa uji wa moto, picha yake huvuta machozi na fedha. Ndiyo maana hutumwa. Lakini mtoto huyo atapona, atakwenda shule, na siku moja atakuwa kijana wa sekondari. Mwanafunzi mwenzake ataiokota ile picha mahali. Mzazi ndiye anayetoa ruhusa kwa niaba ya mtoto, lakini yampasa aitoe akimfikiria yule kijana wa kesho, si mtoto wa leo peke yake. Nchini Kenya, mwezi Septemba 2023, ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Nazo zilikuwa picha za wanafunzi tu, si za wagonjwa.

Na kwa marehemu na majeruhi wa ajali, sina la kueleza sana. Lori la mafuta lilipolipuka Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, picha za walioungua zilizagaa kwenye simu nchi nzima. Mama hapaswi kumtambua mwanawe kwenye simu ya jirani.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe, maana najua mwenyekiti wa jumuiya anayesoma hapa ana swali la haki kabisa. Anasema: bila picha na karatasi, watu hawachangi. Wamedanganywa mara nyingi. Wametoa fedha kwa wagonjwa ambao hawakuwapo. Wanataka kuona kwa macho.

Swali hilo halifai kudharauliwa, kwani fedha za watu maskini hazichezewi. Lakini tujiulize, kabla ya simu hizi tulifanyaje? Jumuiya iliwatuma watu wawili. Walikwenda, walimwona mgonjwa, waliona na karatasi kama mwenyewe aliwaonyesha, wakarudi na kusema, "Tumemwona, ni kweli, na gharama ni kiasi hiki." Neno lao lilitosha kwa sababu watu waliwafahamu. Utaratibu huo haujafa. Mwenyekiti na mhasibu, au wazee wawili wanaoaminika, waende. Wao ndio waone ushahidi, nao washike siri. Wakipenda kuwaondolea watu wasiwasi zaidi, mchango usipitie mkononi mwa mtu, bali mhasibu alipe hospitali moja kwa moja kwa ile namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na hospitali, kisha aonyeshe stakabadhi katika mkutano wa jumuiya. Kwa kweli huu ni ushahidi bora kuliko picha. Picha ya mgonjwa yeyote aweza kuiokota mtandaoni na kuiombea fedha, na hivyo ndivyo matapeli wafanyavyo.

Ujumbe wenyewe waweza kuwa mfupi tu: "Mwenzetu mmoja wa jumuiya amelazwa, anaomba sala na msaada wa gharama. Mwenyekiti na mhasibu wamemwona. Mchango upelekwe kwa mhasibu. Anayetaka kumtembelea awasiliane na familia kwanza." Kama mgonjwa amekubali jina lake litajwe, litajwe. Kama amekubali na ugonjwa utajwe, ni hiari yake. Kuhusu sala, sidhani kama Mungu anahitaji kuonyeshwa karatasi ya maabara ndipo ajue tunamwombea nani.

Lakini namna ya kumwuliza mgonjwa nayo ina mambo yake. Usimwulize mbele ya wageni wanane waliosimama kuzunguka kitanda, kwa maana hapo hatakataa. Usimwulize ukiwa umekwisha kuinua simu. Mwulize mkiwa wawili, na mwulize kwa kutaja: nitasema nini, kwa nani, na picha au bila picha. Akisema jina litajwe lakini ugonjwa usitajwe, basi ni hivyo. Akisema shemeji yake asijue, usitafute kujua sababu. Kama hajitambui, mwenye kuulizwa ni mume au mke, au mzazi, au mwana wake mkubwa, na hapo yasemwe machache kabisa, kwa kuwa atakapozinduka atayakuta. Kijana naye aulizwe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 wa Tanzania anaweza kupima VVU bila kungoja idhini ya mzazi. Yeye naye ana siri zake za afya, na mzazi mwenye busara huzipata kwa kuaminiwa, si kwa kupekua simu yake usiku.

Wako pia wagonjwa wanaopenda kusema wenyewe. Watu waliosimama mbele ya wenzao wakasema, "Mimi naishi na virusi, natumia dawa, na hawa ni watoto wangu," wameokoa wengi kuliko mabango ya barabarani. Tusiwanyamazishe hao kwa kisingizio cha faragha. Wamechagua siku, wamechagua maneno, wamechagua na wasikilizaji.

Sisi tunaohudumia wagonjwa nasi hatumo nje ya lawama. Daktari wa kituo cha pembezoni anapotuma picha ya eksirei kwa bingwa aliye mjini ili apate ushauri, anafanya jambo zuri sana, na simu imeokoa maisha kwa njia hiyo. Lakini jina la mgonjwa lililo pembeni ya eksirei lafaa kuzibwa kabla ya kutuma, na bingwa hapungukiwi kitu kwa kutolijua. Mhudumu anayepiga picha jeraha la ajabu ili kuwaonyesha rafiki zake, huyo sina neno jema juu yake. Na wewe mgonjwa, una haki ya kuuliza, "Hiyo picha ni ya nini, na inakwenda wapi?" Uliza bila woga.

Kuna na hao wanaobandika majibu yao wenyewe kwenye kundi wakiuliza nani anaweza kuwasomea. Majibu ni yao, nao wana haki nayo. Ila mara nyingi anayejibu kwanza ni muuza dawa za mitishamba aliyemo kundini, naye ana chupa ya kila ugonjwa. Rudi kwa aliyekupima. Kama ni mbali, mpigie.

Kwa picha ambazo zimekwisha kutumwa, si kwamba hakuna la kufanya. Msimamizi wa kundi anaweza kufuta ujumbe uliotumwa na mwanakundi mwingine, hivyo mgonjwa au ndugu yake amwombe yeye kwanza, kisha awaombe wanakundi waifute na kwenye hifadhi ya picha za simu zao. Wengi watafuta, kwani wengi hawakukusudia ubaya. Tena pale mnapopeleka barua ya rufaa kutolewa nakala kwenye duka la steshenari, mkaituma kwa simu ya mwenye duka ili aichape, msiondoke mara karatasi inapotoka. Mwombeni aifute kwenye simu na kwenye kompyuta mkiwa mmesimama hapo hapo, maana kompyuta zile huwa na barua za rufaa za mtaa mzima, na kila ajaye kuchapa wasifu wa kuombea kazi huzipitia akitafuta faili lake.